Umeme wa Jua kwa Mtaa Mzima

Kaskazini ya mji wa Kisangani mto Tshopo hushuka juu ya miamba kwa kishindo kikubwa. Katika miaka ya 1950, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Stanleyville, mto huo ulijengewa boma la saruji, na kando yake kikajengwa kituo cha umeme. Maji yenye nguvu huangukia gurudumu la chuma, gurudumu huzunguka, mzunguko huo huendesha mashine, na mashine huzaa umeme. Umeme hupita katika nyaya hata kufika mjini, kuwasha taa za hospitali na kuendesha viwanda na mashine za Regideso zinazosukuma maji ya kunywa.

Wakati ule mji ulikuwa mdogo. Leo watu wake wamepita milioni moja, na boma ni lile lile. Kituo kina mashine tatu. Zote tatu zikifanya kazi pamoja, nguvu zake hazifiki megawati 20, yaani wati milioni 20. Mwanafunzi aweza kufanya hesabu hii mwenyewe: wati milioni 20 zikigawiwa watu milioni moja, kila mtu hupata wati 20. Hizo zatosha taa mbili ndogo. Hazitoshi pasi, kwa kuwa pasi moja hula wati 1,000. Na katika hesabu hiyo viwanda na hospitali havijapata kitu. Tena mashine ni za zamani. Moja ikiharibika yaweza kusimama siku nyingi ikingoja kipuri kutoka mbali. Basi umeme hutolewa kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho, na watu wa mji husema neno "delestaji" kama watu wa nchi nyingine wasemavyo habari za mvua.

Iko mitaa ambako hata zamu haifiki, kwa sababu nyaya hazijafika. Na mtu akitoka mjini, akishika njia ya msituni, nguzo za umeme humwisha upesi. Katika nchi nzima ya Kongo, kadiri ya watu wawili tu katika kila kumi wana umeme nyumbani, na vijijini ni wachache mno. Jioni mama hununua mshumaa mmoja, au betri za tochi, au mafuta ya kibatari kipimo kidogo. Mtoto husoma karibu na moshi mpaka macho yamwume. Katika nyumba ya uzazi isiyo na umeme, mzazi akifikiwa na saa yake usiku, muuguzi hufanya kazi kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na mtu mwingine, na simu ile ikizimika, kazi haiwezi kungoja asubuhi.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini wasivute nyaya kutoka Tshopo mpaka kila kijiji? Kuna sababu mbili. Kwanza, umeme wenyewe hautoshi hata mjini. Pili, nguzo na nyaya ni ghali. Msitu ni mkubwa, miti huanguka juu ya nyaya wakati wa dhoruba, na kijiji cha nyumba arobaini hakiwezi kulipa gharama ya kilometa nyingi za waya. Ni afadhali kufanyiza umeme palepale utakapotumika. Na kitu kimoja kifikacho kila kijiji bila nguzo wala waya ni jua.

Habari ya kugeuza nuru kuwa umeme si mpya. Mwaka 1839 kijana Mfaransa, Edmond Becquerel, mwenye umri wa miaka 19, aliona kwamba nuru ikiangukia vitu fulani, umeme kidogo hutokea. Hakuna aliyejua namna ya kuutumia. Miaka mia na zaidi ikapita. Mwaka 1954 wataalamu watatu wa maabara ya Bell huko Marekani walitengeneza kipande cha silikoni kilichotoa umeme wa kutosha kuendesha vyombo vidogo. Silikoni hupatikana katika mchanga, ila yapasa isafishwe sana katika tanuru kali. Vipande vile vilikuwa ghali mno. Mwaka 1958 vilirushwa angani juu ya chombo kiitwacho Vanguard 1, kwa sababu angani hapana duka la kununua betri, na bei haikutazamwa. Mwaka 1976 nguvu ya wati moja iligharimu zaidi ya dola 100, kwa hesabu ya fedha ya siku hizi. Leo ni chini ya nusu dola. Kwa sababu hiyo mabamba ya jua yaonekana sasa juu ya mabati ya nyumba za Kisangani, na katika vibanda vya sokoni watu wanapotia umeme simu zao.

Bamba la jua hufanyaje kazi? Ndani ya silikoni mna chembe ndogo sana ziitwazo elektroni. Nuru ikipiga bamba, huzisukuma elektroni zikatoka mahali pake, na bamba limetengenezwa kwa namna ambayo zikitoka hulazimika kwenda upande mmoja tu. Mwendo huo wa elektroni katika waya ndio umeme. Watu wengi hudhani kwamba joto ndilo lifanyalo kazi. Sivyo. Ni nuru. Tena joto likizidi, bamba hutoa umeme pungufu. Ndiyo maana huinuliwa kidogo juu ya bati, upepo upate kupita chini yake.

Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, nusu digrii tu upande wa kaskazini. Mchana wake ni saa kumi na mbili mwaka mzima, wala hakuna majira ya baridi ambayo jua hujificha kama katika nchi za Ulaya. Hata hivyo yapasa kusema kweli yote: hii ni nchi ya msitu na mvua nyingi. Siku ya mawingu mazito bamba laweza kutoa robo ya nguvu zake, au chini ya hapo. Wauzaji wengine huwaambia watu hesabu ya nchi kavu, wakanunua mabamba machache, kisha mwezi wa kumi na mmoja wakakaa gizani na kusema jua ni uongo. Jua si uongo. Aliyehesabu ndiye aliyesahau mawingu. Na kivuli cha mwembe mmoja juu ya pembe ya bamba hupunguza umeme kuliko mtu anavyodhani.

Sasa, jua huzama saa kumi na mbili jioni, na taa zahitajiwa baada ya hapo. Kwa hiyo umeme wa mchana lazima uwekwe akiba. Kila mtoto amekwisha kuona pipa likitegwa chini ya bati wakati wa mvua. Mvua ikikatika, maji yamo. Betri ni kama pipa hilo. Mabamba hujaza mchana, na watu huteka usiku. Na kama vile pipa likijaa maji ya ziada humwagika, betri ikijaa umeme wa ziada haupati pa kwenda. Kati ya betri na nyumba huwekwa chombo kiitwacho kigeuzi, ambacho hugeuza umeme wa betri uwe wa namna ile itumikayo na taa, redio na mashine za kawaida.

Nyumba moja yaweza kununua bamba lake dogo, na wengi wamefanya hivyo. Bamba dogo huwasha taa mbili na kutia umeme simu. Hapo ndipo linapokoma. Haliwezi kuendesha friji ya kuwekea dawa za chanjo, wala mashine ya kusaga mihogo, wala ya kuranda mbao. Tena aliye maskini kuliko wote hana hata hilo. Lakini nyumba nyingi zikishirikiana katika kituo kimoja, mambo hubadilika.

Tuseme kuna kijiji chenye nyumba arobaini, shule, nyumba ya uzazi na mashine ya kusaga. Kinawekewa mabamba 20, kila moja la wati 400. Yote pamoja ni wati 8,000. Siku ya jua la kadiri yatatoa umeme kama wa saa nne za nguvu kamili, yaani uniti 32. Uniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Je, zitatosha?

Kila nyumba iwe na taa tatu za wati 7, ziwake saa tano jioni. Ongeza simu na redio. Jumla ni kadiri ya wati 150 kwa saa, kwa siku. Nyumba arobaini basi zitakula uniti 6 tu. Nyumba ya uzazi, kwa taa zake na friji ya chanjo, itakula uniti 2 au 3. Mashine ya kusaga ni mlaji mkubwa: ikifanya kazi saa mbili itakula kadiri ya uniti 11. Taa za shule jioni ni kidogo. Jumla haifiki 22. Sehemu ya zile zilizobaki hupotea njiani katika nyaya na katika betri yenyewe, na sehemu ni akiba ya siku za mawingu.

Katika hesabu hii mashine ya kusaga ilihesabiwa saa mbili za mchana, wala si usiku. Hilo ni jambo kubwa. Saa sita mchana jua ni kali na betri imekaribia kujaa. Umeme ule usipotumika wapotea. Kwa hiyo mwenye kusaga, fundi wa mbao na mshonaji wafanye kazi zao wakati huo, nao wataupata kwa bei nafuu. Betri iachiwe watu wa usiku: wasomaji, wagonjwa na wazazi.

Sasa tazama jambo linalovunja vituo vingi. Mtu mmoja ana shati la kesho. Saa mbili usiku anachomeka pasi ya wati 1,000. Akiitumia saa moja amekula umeme wa jioni nzima wa nyumba sita na zaidi. Jirani yake anaona hivyo, naye analeta jiko la umeme la wati 1,500 apate kupika maharage kwa saa mbili. Huyo peke yake amekula taa za nyumba ishirini. Saa nne usiku betri imekwisha. Taa zazimika kote, na nyumba ya uzazi pia. Hakuna aliyeiba kitu; kila mmoja ametumia waya wa nyumba yake. Lakini kituo kilihesabiwa kwa taa, si kwa majiko. Kwa umeme wa namna hii kupika bado ni kazi ya makaa na kuni, na asemaye vinginevyo adanganya watu, au basi aongeze mabamba na betri mara nyingi zaidi.

Dawa yake ipo. Kila nyumba huwekewa mita na kikata-umeme kidogo. Anayezidi kipimo alichokubali, nyumba yake huzimika peke yake, na wengine hawadhuriki. Nyumba ya uzazi huwekewa waya wake mbali na akiba yake mbali. Haya hupasa kupatanwa mbele ya watu wote kabla ya bamba la kwanza kupandishwa, maana baada ya taa kuwaka kila mtu huona kipimo chake ni kidogo.

Jambo la pili ni fedha. Watu husema: "Jua ni bure, kwa nini tulipe?" Jua ni bure kweli, lakini betri si bure. Betri za risasi na asidi, kama zile za magari, katika kazi hii hudumu miaka michache tu, na zile zinazofunguliwa zataka kuongezwa maji safi mara kwa mara. Betri za lithiamu ni ghali zaidi, lakini zaweza kudumu kadiri ya miaka kumi. Kwa vyovyote siku yake ya mwisho yaja, na yajulikana mapema. Bamba lenyewe laweza kutoa umeme miaka 25. Basi kijiji kisichoweka akiba hujikuta na mabamba mazima, mazuri, yanayong'aa, na giza chini yake. Mfadhili aliyeleta vyombo amekwenda zake. Hakuna aliyejua kwamba mwaka wa tano palihitajika fedha nyingi kwa siku moja. Kwa hiyo kila nyumba hulipa kwa mwezi, au kwa kiasi ilichotumia. Mara nyingi malipo hayo hayapiti yale yaliyokuwa yakienda kwa mishumaa, betri za tochi na kutia umeme simu kibandani, ila sasa hulipwa kwa pamoja, na watu huyaona makubwa.

Na mjane asiyeweza kulipa? Hapo pana kazi ngumu, wala hakuna hesabu inayoimaliza. Wengine hupanga bei ndogo kwa mwenye taa moja, na bei kubwa kwa mwenye duka na friji ya vinywaji. Hiyo yaonekana kuwa haki, kwa kuwa mwenye friji hupata faida kwa umeme ule.

Katika Kongo mambo haya yalipata nafasi kwa sheria ya tarehe 17 Juni 2014. Kabla ya hapo shirika la SNEL, lililoundwa mwaka 1970, lilikuwa karibu peke yake katika kazi ya kuuza umeme. Sheria hiyo iliruhusu wengine nao kufanyiza umeme na kuuuza, wakipata kibali. Mwaka 2017, katika mji wa Beni, kampuni iitwayo Nuru ilianzisha kituo kidogo cha jua chenye nyaya zake zenyewe za kufikia nyumba na maduka. Kilikuwa na kilowati 55 tu, zile zitoshazo pasi 55. Mwaka 2020 kampuni hiyohiyo ilizindua kituo kikubwa zaidi huko Goma, katika mtaa wa Ndosho: megawati 1.3, pamoja na betri, na jenereta ya kusaidia jua likikosekana. Taa ziliwekwa na barabarani. Kituo cha namna hiyo ni cha kampuni. Watu hununua umeme, lakini chombo si chao.

Kuna njia nyingine, nayo yaonekana mbali na Kongo, katika kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Huko, mahali paitwapo Kinyasini, tangu mwaka 2015 kina mama wa vijijini wamefundishwa ufundi wa umeme wa jua katika chuo cha Barefoot. Chuo hicho kilianza India mwaka 1972, katika kijiji cha Tilonia, na kabla ya kufunguliwa kwa tawi la Unguja baadhi ya kina mama wa Zanzibar walisafiri mpaka huko kujifunza. Wanaochaguliwa wengi ni wanawake wazima, wengine wana wajukuu, na wengine hawajui kusoma. Hufundishwa kwa kutenda, kwa rangi za nyaya na kwa kuonyeshwa kwa mikono, hata wakaweza kuunganisha taa, bamba na betri, na kugundua kilichoharibika. Kwa nini wachaguliwe hao, wala si vijana wenye shule? Kwa sababu kijana akipata ufundi na cheti huenda mjini kutafuta mshahara, na kijiji hubaki bila fundi. Bibi mwenye shamba na wajukuu hubaki.

Huko kila nyumba ina bamba lake dogo, lakini fundi ni mmoja na mfuko ni mmoja. Kijiji huchagua halmashauri. Nyumba hulipa kila mwezi. Katika fedha hizo mama fundi hupata ujira wake, na zilizosalia hununua vipuri. Kila mtu amjua fundi ni nani na fedha ziko kwa nani. Ni vema watu hao wawili wasiwe mtu mmoja.

Kwa vijiji vilivyo kando ya Kisangani njia zote mbili zafaa, kila moja mahali pake. Penye watu wengi na soko, kama katika mitaa ya pembeni ya mji, kituo kimoja chenye nyaya hupata walipaji wa kutosha, na mwenye kugandisha samaki wa mtoni hulipa sehemu kubwa. Penye nyumba zilizotawanyika msituni, waya mrefu hula fedha yote, na bamba la kila nyumba pamoja na fundi wa kijiji ni afadhali.

Mahali popote kazi za kila siku ni zilezile. Mabamba hulazwa kwa mteremko kidogo, mvua ipate kuyaosha, maana yakilazwa sawa kabisa maji hutuama na ukungu wa kijani huota. Wakati usio na mvua hupanguswa kwa kitambaa laini na maji matupu, asubuhi mapema, yakiwa bado ya baridi. Matawi yanayokaribia hukatwa. Bolti hukazwa kwa namna ambayo mwizi hataweza kuzifungua kwa koleo la kawaida. Betri huwekwa katika chumba chenye hewa, mbali na moto na mbali na watoto, na mlango una ufunguo. Fundi husoma mita jioni na asubuhi, na kuandika katika daftari. Daftari hilo ndilo humwonyesha, miezi mingi kabla ya giza, kwamba betri imeanza kuchoka.

Mwanafunzi apendaye hesabu ajaribu hii. Katika kijiji kile cha nyumba arobaini kila nyumba hula wati 150 kwa saa kila jioni. Siku moja ya mawingu betri ilikuwa na uniti 6 tu kwa ajili ya nyumba hizo. Watu watatu waliotafuta hila ya kupita kikata-umeme walipiga pasi zao za wati 1,000, kila mmoja kwa nusu saa. Je, umeme uliotumika kwa pasi hizo ungewasha taa za nyumba ngapi?